Shimo Kwenye Mfuniko wa Kinu

Machi 2002, mafundi waliokuwa wakikarabati bomba moja kwenye mfuniko wa kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, jimboni Ohio, Marekani, waliona bomba hilo linayumba. Walipoondoa uchafu ulioganda pembeni yake, wakakuta shimo kubwa kama nanasi. Chuma chenye unene wa sentimita zaidi ya 16 kilikuwa kimelika chote. Kilichosalia ni utando wa ndani wa chuma cha pua, usiofika sentimita moja. Utando huo uliwekwa kukinga kutu tu, lakini ndio uliokuwa ukizuia maji ya nyuzi joto 300 na ushei, yenye shinikizo karibu mara 150 ya lile la hewa. Ulikwisha kutuna.

Maji ya kinu cha aina hii hutiwa asidi ya boriki ili kudhibiti nguvu ya nyuklia. Ndani ya maji mengi, asidi hiyo ni pole. Ikivuja na maji yakageuka mvuke, hubaki nzito, na chuma cha kawaida hakiiwezi.

Ilivuja kupitia nyufa za mabomba ya Aloi 600, mchanganyiko wa nikeli, kromi na chuma kidogo. Aloi hiyo ilisifiwa kwa kutoshika kutu, na sifa yenyewe ni ya haki. Ila kutoshika kutu si kutopasuka. Mwaka 1959, Mfaransa Henri Coriou na wenzake walitangaza kwamba inapasuka hata katika maji safi, mradi yawe ya moto sana na metali iwe imekazwa. Wengi walimbishia kwa miaka. Mwaka 1991 bomba la namna hiyo likavuja kwenye kinu cha Bugey, hukohuko Ufaransa.

Ohio nako dalili hazikujificha. Vumbi la kutu liliziba vichujio vya hewa mara kwa mara, na picha ya mwaka 2000 ilionyesha michirizi myekundu ikishuka kwenye mfuniko. Picha ile, kwa maoni yangu, haikuhitaji mtaalamu. Msimamizi wa serikali alitaka ukaguzi ufanyike kabla ya 2001 kwisha. Kampuni ikaomba muda, ikaongezewa hadi Februari.

Mfuniko wa pili ulichukuliwa Midland, Michigan, kwenye kinu ambacho ujenzi wake uliachwa njiani. Mabomba yake? Aloi 600 ileile. Nyufa zilirudi 2010, na mwaka uliofuata ukafungwa mfuniko wa tatu, wa Aloi 690, yenye kromi karibu maradufu.