Paa Bila Jirani Halimtoshi Aliyepoteza Nyumba



Wakati wa masika ya mwaka 2024, Mto Tana ulipofurika na watu wakahama vijiji vyao, tulikusanya michango msikitini tukapakia lori: unga, maharagwe, mafuta ya kupikia, mablanketi na ndoo. Tulifika kambini adhuhuri. Watu wakapanga safu, tukagawa mpaka lori likabaki tupu. Nilipokuwa nikizunguka kuaga, nilimkuta bi mkubwa mmoja ameketi mlangoni mwa hema la mwisho, mfuko wake wa unga u pembeni, haujafunguliwa. Nikamwamkia, akaniitikia. Nikamuuliza, "Mama, mbona hujapika?" Akanijibu, "Mwanangu, unga ninao, Mungu awalipe. Lakini nimpikie nani? Watu wa kijijini kwetu wamepelekwa kambi nyingine. Hapa hapana anijuaye."

Nilimwambia tutarudi, inshaAllah. Kisha nikapanda lori, maana barabara ilikuwa mbaya na jua lilikuwa likienda. Hata hivyo neno lake lilinikaa moyoni, na ndilo lililonifanya nitafute kusoma habari za watu wengine walioishi katika makao ya muda baada ya maafa. Nikakuta kwamba Wajapani, ambao nchi yao ni ya matetemeko tangu zama, wamelipa gharama kubwa kujifunza jambo ambalo mama yule alilisema kwa maneno machache.

Makao yaliyogawiwa kwa bahati nasibu

Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe na viunga vyake. Waliofariki walipindukia 6,400. Serikali ikajenga nyumba za muda zipatazo 48,000, nyingi zikiwa pembezoni mwa mji au kwenye visiwa vilivyofukiwa kwa mchanga, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Nyumba hizo ziligawiwa kwa bahati nasibu, na waliotangulizwa walikuwa wazee, walemavu na wengine wanyonge.

Msomaji ataona kwamba hapo hapakuwa na nia mbaya. Bahati nasibu haina upendeleo, na kumtanguliza mzee ni adabu. Lakini tazama matokeo yake. Mzee aliyeishi miaka arobaini katika kichochoro kimoja, akijua nani anauza samaki na nani ana mgonjwa, alijikuta katika safu ya vibanda miongoni mwa wazee wengine asiowajua, nao hawamjui. Kila mmoja mle alikuwa mhitaji, na hapakuwa na kijana wa jirani wa kumbishia hodi asubuhi.

Wajapani wana neno, kodokushi, maana yake ni mtu kufa peke yake bila ya mtu kujua. Katika miaka mitano ambayo nyumba zile za Kobe zilikaliwa, zaidi ya watu 200 walikufa namna hiyo humo ndani. Wengi wao walikuwa wanaume, na wengi hawakuwa hata vikongwe, bali watu wa makamo waliopoteza kazi na jamaa, wakajifungia ndani, baadhi yao na chupa ya ulevi. Walikuwa wamenusurika na tetemeko, na paa walikuwa nalo.

Iwanuma: kuhama pamoja

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko jingine kubwa zaidi lilitokea baharini, kaskazini-mashariki mwa Japani, likazua tsunami iliyoangamiza vijiji vya pwani. Waliofariki walikaribia 16,000, mbali na maelfu ambao hawakuonekana tena. Zikajengwa tena nyumba za muda zaidi ya 50,000. Nyumba ya kawaida ilikuwa na ukubwa wa takriban mita za mraba 30, na kuta zake nyembamba kiasi cha kusikia jirani akikohoa.

Katika mji mdogo wa Iwanuma, mkoa wa Miyagi, lilitokea jambo la kuzingatiwa. Miezi 7 kabla ya maafa, wataalamu wa afya walikuwa wamewauliza wazee wa mji huo kuhusu afya zao, marafiki zao na vikundi walivyoshiriki. Hawakujua kinachokuja. Baada ya tsunami waliwarudia wazee wale wale, wapatao 3,500, wakaweza kulinganisha hali ya kabla na ya baada, nafasi ambayo ni nadra kupatikana katika elimu ya maafa.

Wapo waliohamia makao mapya kila mmoja kivyake, ama kwa bahati nasibu ama kwa kupanga nyumba. Wapo pia waliohamishwa kwa makundi, majirani wa kitongoji kimoja wakiwekwa pamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliohama pamoja walizidi kukutana na marafiki na kushiriki katika shughuli za jamii, ilhali kwa waliohama mmoja mmoja mambo hayo yalipungua. Uchunguzi mwingine wa wazee hao hao, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliobomokewa na nyumba zao walidhoofika akili na kumbukumbu zaidi kuliko wengine, na kwamba kukutana na watu kulisaidia kwa kiasi kuupunguza udhaifu huo.

Hatusemi kwamba mazungumzo ni dawa ya kila maradhi. Mwenye sukari ahitaji dawa yake, na mwenye shinikizo la damu vilevile. Lakini mwenye kuzungumza na wenzake hukumbushwa dawa hiyo, na akikosa kuonekana asubuhi huulizwa.

Mwili nao unataka shughuli

Wengi wetu hatulitambui jambo hili. Mkulima mzee au mvuvi mzee kijijini mwake hatembei kwa ajili ya mazoezi. Hutembea kwa sababu kuna shamba, kuna kuku, kuna wavu wa kushona, kuna msiba wa kuhudhuria. Mweke katika chumba kidogo, mletee chakula mlangoni, na baada ya miezi michache atashindwa kupanda ngazi. Hakuugua. Amekosa pa kwenda.

Ndiyo maana katika kambi nyingi za Japani watu walirejesha desturi yao ya kunyoosha viungo kila asubuhi kwa kufuata muziki wa redioni, desturi iliyoanza mwaka 1928. Zoezi lenyewe ni la dakika chache tu, lakini anayetoka kwenda kunyoosha mkono huwa ametoka ndani, ameamkiwa, na amehesabiwa kuwa yu hai.

Palikuwa pia na chumba cha mikutano, na vikao vya kunywa chai. Hapo likaonekana la ajabu ambalo kwetu si geni: waliokuja chai ni wanawake, na wanaume wakabaki ndani. Mwanamume aliyekuwa na chombo chake na jina lake bandarini huona haya kuitwa kuja kuliwazwa. Lakini akiitwa kulima bustani au kutengeneza benchi, huja. Hakutaka kusaidiwa, alitaka kutakiwa.

Katika mji wa Ofunato, mwaka 2013 palifunguliwa nyumba iitwayo Ibasho, ambayo huendeshwa na wazee wenyewe. Wao ndio wenyeji, na vijana na watoto ndio wageni wao. Wazo lake ni kwamba mzee ni mtu mwenye kitu cha kutoa, asihesabiwe kuwa ni mzigo wa kuangaliwa.

Tufanye nini sisi?

Sote tumeisoma chuoni hadithi ya jirani aliyekaribia kuhesabiwa miongoni mwa warithi. Tumeisoma kama adabu, na kumbe ni siha pia. Mafuriko ya Tana, moto wa mitaa yetu ya makuti, na nyumba zinazoliwa na bahari hazitaacha kuja. Basi tujiandae katika haya.

Kwanza, watu wanapohamishwa, tuulize walikuwa majirani wa nani kabla ya kuuliza wako wangapi. Mahema yapangwe kwa vijiji. Orodha ya majina kwa kijiji haigharimu chochote, na wanaoweza kuiandika vizuri ni kina mama, maana wao ndio wanaojua nani mjane, nani mja mzito na nani hasikii vizuri.

Pili, pabaki kivuli cha kukutania katikati ya kambi, mkeka na birika la kahawa kwa wanaume, na mahali pa stara kwa wanawake. Madrasa ya watoto ianze wiki ile ile, hata chini ya mti, kwani mtoto akienda chuoni na mama hupata pa kumsindikiza.

Tatu, wapewe kazi. Bibi ajuaye kusuka ukili apewe miyaa na wasichana wa kuwafundisha. Mzee mwenye sauti aombwe kuadhini. Chungu cha pamoja kipikwe na wenyewe, sisi tulete nafaka tu.

Nne, na hili nawaambia dada zangu khasa, msimwache mjane aliye katika eda. Eda humzuia yeye kutoka pasipo dharura, haiwazuii wanawake wenzake kumwendea. Mwanamke aliyepoteza mume na nyumba kwa siku moja, kisha akaachwa peke yake hemani miezi minne na siku kumi kwa kudhaniwa kwamba ndiyo sheria, amedhulumiwa kwa jina la dini.

Tano, twende baada ya malori kuondoka. Siku za mwanzo watu ni wengi na kamera ni nyingi. Mwezi wa tatu ndio mrefu. Familia moja ijifungamanishe na familia moja, iitembelee, iipigie simu, iialike futari.

Nami nina la kuungama. Nilirudi kule kambini baada ya takriban miezi miwili. Maji yalikuwa yamepungua na mahema mengi yamekwisha kung'olewa. Nikauliza habari za mama wa hema la mwisho. Kijana mmoja akaniuliza, "Sheikh, jina lake nani?" Nikanyamaza. Nilimpa unga, nikampa blanketi, nikampa ahadi, na jina sikumuuliza. Mpaka leo sijui alikokwenda.

Basi, wewe utakayekwenda na lori safari ijayo, keti kwanza, uliza jina, na umtafutie jirani mmoja kabla hujaondoka. Mwenyezi Mungu awahifadhi waliohamishwa na maafa kila mahali, atusamehe tuliowapita kwa haraka, na ajaalie milango yetu isikose mwenye kubisha hodi. Amin.