Tuliweka mota kwenye baiskeli ya mkono: pesa zilivyotumika, na zile za kwanza zilizopotea

Shilingi 12,000 zilitoka kwenye simu ya shemeji yangu siku ya Jumapili, saa tatu usiku. Ilikuwa diposti ya betri. Muuzaji tulimpata mtandaoni. Picha zilikuwa safi, bei ilikuwa chini kuliko zote tulizokuwa tumeona, na alikuwa na haraka: ati kuna mteja mwingine anaitaka, mkilipa sasa hivi nawashikia. Jina la duka lilikuwa moja. Jina lililotokea kwenye skrini kabla ya kubonyeza lilikuwa jingine kabisa, la mtu binafsi. Shemeji akaniuliza, "Sasa huyu ni nani?" Nikamwambia labda ni mhasibu wao.

Mimi, ninayewaandikia ninyi mambo haya haya.

Asubuhi nambari ilikuwa imezimwa. Tukaomba kurudishiwa pesa, lakini usiku kucha ulikuwa umepita. Hapa watu wengi huchanganyikiwa, kwa hivyo wacha niseme wazi. Ombi la kurudishiwa lina maana kama pesa bado ziko kwenye akaunti ya aliyezipokea. Likifika mapema, pesa zinaweza kuzuiwa wakati jambo linaangaliwa. Zikishatolewa kwa wakala, hakuna kitu cha kuzuia. Kinachobaki ni kupiga ripoti polisi ukiwa na ule ujumbe wa kuthibitisha, wenye kodi ya muamala, tarehe na saa. Ripoti tulipiga. Pesa hatujaziona mpaka leo.

Sasa niwaambie zilikuwa za nini.

Ukifika Busia mpakani utawaona: watu wenye ulemavu wa miguu wakivuka na baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa mizigo, wengine wakielekea upande wa Uganda, wengine wakirudi. Shemeji ni mmoja wao. Polio ilimpata akiwa mtoto. Baiskeli yake ina magurudumu mawili nyuma na moja mbele, kiti kimeegemea nyuma kidogo, na pedali ziko juu, mbele ya kifua. Unazizungusha kwa mikono, cheni inateremka hadi gurudumu la mbele, na hizo hizo pedali ndizo usukani. Kwenye lami inakwenda vizuri. Shida ni barabara ya kurudi nyumbani, murram yenye kilima kimoja kirefu. Kila siku alikuwa akimlipa kijana shilingi 100 amsukume, 50 asubuhi na 50 jioni. Na mabega yalikuwa yameanza kumlaza macho usiku.

Wazo la mota lilikuwa lake. Alikuwa ameweka akiba kwenye akaunti ya simu iliyofungwa, ile ambayo huwezi kugusa kabla ya tarehe uliyochagua, na chama kikaongezea mkopo. Ndiyo maana zile 12,000 ziliuma. Hazikuwa zake peke yake.

Baada ya hapo tulijiwekea masharti. Hakuna kulipa kwenye nambari ya mtu binafsi, ni till yenye jina la duka tu. Hakuna kulipa usiku. Na kila kitu muuzaji anachoahidi akiandike kwenye ujumbe, si kwa kupiga simu. Shemeji akaongeza lake: PIN anaiweka mwenyewe, hata kama fundi ana haraka na anasema "leta simu nikusaidie."

Mota ya aina hii inakaa ndani ya habu, katikati ya gurudumu. Huhitaji kukata fremu. Unaondoa habu ya kawaida, unafunga mota mahali pake kwa spoki mpya, basi. Tulichagua ya wati 250, volti 48, ikija na kontrola, akselereta ya kidole gumba na mikono ya breki inayokata mota ukishika breki. Shilingi 24,000, kwenye till ya duka moja la Nairobi. Jina kwenye skrini likalingana na jina la duka. Tukabonyeza.

Mzigo ulipofika kwa basi, fundi aliufungua, akautazama, akacheka. "Boss, hii cheni mtaiweka wapi?"

Kosa lilikuwa letu, tena la lugha tu. Tuliambiwa tuseme mota ni ya gurudumu gani, tukasema la mbele. Muuzaji akatuma mota ya mbele, kama ambayo angemtumia mtu mwenye baiskeli ya kawaida. Lakini kwenye baiskeli ya kawaida gurudumu la mbele halina cheni. Kwenye ya mkono, cheni iko hapo hapo mbele. Tulihitaji ile inayouzwa kama mota ya nyuma, yenye nyuzi pembeni za kufungia friwili, na foki ipanuliwe kwa sababu mota hiyo ni pana: milimita 135 mahali ambapo ya mbele ni 100. Bila friwili, betri ikiisha njiani shemeji angebaki amekaa, mikono inazungusha hewa. Kama una baiskeli ya aina hii, tuma picha ya gurudumu lenye cheni na vipimo vya foki kabla ya kulipa. Maneno hayatoshi.

Ombi la kurudishiwa lisingetusaidia hapa pia. Hukukosea nambari, umenunua kitu na kitu kimekuja. Ni mazungumzo na muuzaji. Tulichokuwa nacho ni ujumbe wa malipo wenye jina la duka, na yale maandishi ambayo shemeji alikuwa ameandika wazi kwamba baiskeli inaendeshwa kwa mikono. Muuzaji akakubali kubadilisha, ila tulipe shilingi 2,500 za usafiri na usumbufu. Nilitaka kubishana. Shemeji akasema, "Lipa bwana, yule wa kwanza hata kubishana naye hatukupata."

Betri ndiyo iliyotuchelewesha zaidi, maanake ndiyo ghali zaidi na ndipo uongo mwingi uliko. Hesabu yenyewe si ngumu. Volti mara ampea-saa unapata wati-saa. Betri yetu ni volti 48, ampea-saa 10, kwa hivyo wati-saa 480. Baiskeli kama hii yenye mtu na mzigo tuliipigia wati-saa 15 kwa kilomita kwenye lami na 20 kwenye murram. Ukitumia asilimia 80 tu ya betri, ili idumu, unabaki na 384: kilomita 25 za lami au 19 za murram, bila kuhesabu msaada wa mikono. Shemeji anakwenda 12 kwa siku. Ilitosha.

Fundi alikuwa anapendelea betri za asidi, tatu za volti 12 zikiunganishwa, kwa sababu ni rahisi kupata. Ni kweli ni rahisi. Lakini tatu tu zinakupa volti 36, zina kilo kumi na zaidi, na ukizimaliza kila siku zinakufa upesi. Inafaa utumie kama nusu tu. Kwa mtu anayebeba mzigo kuanzia asubuhi, hizo kilo ni unga ambao hatauza.

Betri ya lithiamu tuliikagua kabla ya kumaliza kulipa. Muuzaji huyu, wa Kisumu, alikubali tulipe diposti kwenye till, tuende dukani, tupime, halafu tulipe zilizobaki. Tulibeba vitu viwili: mita ya fundi na mzani wa jikoni. Betri ya volti 48 ya aina hii ina seli 13 mfululizo, na kila seli ikijaa huwa na volti 4.2. Kumi na tatu mara 4.2 ni 54.6. Mita ikasoma 54.4. Nzuri. Mzani ukasoma kilo tatu na kitu, nao ulikuwa unasema kweli, kwa sababu safu nne za seli za kawaida peke yake ni karibu kilo mbili na nusu. Akikuambia betri ni ampea-saa 20 na mzani unasema kilo mbili, rudisha simu mfukoni. Chaja nayo tuliisoma kibandiko: lazima iandikwe 54.6. Chaja iliyotengenezewa betri ya aina nyingine huenda ikaingia kwenye tundu vizuri kabisa na bado ikaiua betri, au ikawasha moto.

Shilingi 38,000 jumla. Jina likalingana. Tukalipa hapo hapo kaunta, muuzaji akaangalia kwanza akaunti yake, si ujumbe wangu. Sikumlaumu. Ujumbe mtu anaweza kujitungia.

Kazi ya kufunga ilichukua wikendi mbili, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Spoki za zamani hazikufaa kwa sababu habu ya mota ni nene, spoki zinahitajika fupi. Fundi wa baiskeli alizikata na kuzisuka kwa shilingi 1,800. Foki ilipanuliwa na jua kali, pamoja na sanduku la betri chini ya kiti na kile kipande cha chuma cha kuzuia ekseli: 3,500.

Kipande hicho nisimame nacho kidogo. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yake inasukumwa kugeuka nyuma. Nati peke yake zinaweza kulegea, ekseli ikazunguka ndani ya foki, nyaya zinazotokea katikati yake zikakatika, na gurudumu likatoka. Gurudumu la mbele. La mtu ambaye hawezi kuruka. Fundi wetu alisema nati zikikazwa sana zinatosha, yeye amefunga nyingi. Tulimlipa zaidi aifanye bila kukubaliana naye, na sidhani kama amekubali hadi leo.

Akselereta ilitutatiza kwa njia ambayo hatukuitegemea. Maelekezo yanasema ifungwe kwenye mpini. Lakini mipini ya baiskeli hii inazunguka! Waya ungejisokota mara tano ukakatika. Tuliifunga kwenye mlingoti wa usukani, usiozunguka na pedali, pamoja na mikono ya breki. Breki ya pili tuliongeza kwa 1,200, kwa sababu ile moja ya zamani ilikuwa ya kusimamisha baiskeli ya mwendo wa miguu. Nyaya, swichi na fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, 1,500. Viungo vyote vya nyaya vikaelekezwa chini ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia. Nauli ya mizigo, 1,000.

Jumla 71,000. Ongeza zile 2,500, ongeza 12,000 zilizopotea: 85,500. Historia ya miamala kwenye simu ndiyo iliyotupa hesabu hii, maana risiti za karatasi nusu zilikuwa zimelowa.

Mara ya kwanza kuwasha, gurudumu lilikuwa hewani, baiskeli imewekwa juu ya matofali. Likazunguka kinyumenyume. Watoto wakashangilia hivyo hivyo. Kwenye kontrola kulikuwa na nyaya mbili za kuunganisha ili mota ijue upande. Tukaziunganisha na ikakaa sawa. Kasi tuliipunguza isizidi kilomita 15 kwa saa. Magurudumu matatu hayalali kwenye kona kama pikipiki, yanapinduka, na mota ikivuta wakati gurudumu la mbele limekatwa pembeni inapinduka haraka zaidi. Siku tatu za kwanza shemeji aliendesha uwanjani kwa shule, bila mzigo.

Je, inalipa? Ukipiga hesabu ya kijana wa kusukuma tu, shilingi 600 kwa wiki ya siku sita, 85,500 zinarudi baada ya karibu miaka mitatu. Si biashara ya kujivunia hiyo. Ila sasa anavuka mara nne kwa siku mahali alipokuwa akivuka mara mbili, na kwa kuwa umbali umeongezeka anachaji mchana kidogo kwenye duka la rafiki. Kujaza betri kutoka chini ni kama nusu yuniti ya stima na zaidi kidogo, shilingi 20 hivi. Rafiki anakataa kulipwa. Shemeji humtumia 100 kila Ijumaa kwenye till ya duka, ili ionekane.

Yule kijana hakuachwa. Analipwa 100 ile ile, sasa ya kupakia na kupakua, na kilima chenyewe anapanda ameshika sanduku la nyuma, anavutwa.

Betri inachajiwa sebuleni, mbali na mlango wa kutokea na mbali na godoro, wakati watu wako macho. Usiku inachomolewa. Dada yangu ndiye anayechomoa, kila siku saa tatu, ile saa tuliyotuma zile 12,000.