Namba Kubwa Haitishi

Kaa vizuri, ushike kalamu na daftari. Somo letu la leo ni habari za namba moja kubwa, nayo ni yetu sote. Ni idadi ya watu wa Tanzania katika sensa ya mwaka 2022: 61,741,120.

Isome polepole: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini.

Wengi wakiiona namba ndefu hukata tamaa. Wewe itazame. Tarakimu ya mwisho ni 0. Kwa hiyo namba hii yagawanyika kwa 10, kwa 5 na kwa 2, wala hapabaki kitu. Tarakimu mbili za mwisho ni 20. Ishirini hugawanyika kwa 4, na kila mia ni 4 mara 25. Basi namba nzima hugawanyika kwa 4.

Je, kwa 9? Jumlisha tarakimu zote: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22. Jumlisha tena: 2+2 ni 4. Basi ukiwagawa watu hao mafungu tisa yaliyo sawa, watabaki watu 4.

Kwa nini? Gawa shilingi 10 kwa watu tisa: hubaki 1. Gawa 100: hubaki 1. Gawa 1,000, hata milioni: hubaki 1 vilevile. Kwa hiyo laki 7 huacha 7, elfu 40 huacha 4, na kila tarakimu huacha kiasi chake. Ndiyo maana twajumlisha tarakimu.

Sasa faida yake. Sensa hiyo ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Tarakimu za wanawake ni 43, tena 4+3 ni 7. Za wanaume ni 15, tena 1+5 ni 6. Saba na sita ni 13, tena 1+3 ni 4. Jumla yetu nayo ilitupa 4. Zimepatana.

Fanya hivyo hivyo penye mizani. Umepeleka magunia matatu ya korosho: kilo 87, 92 na 78. Karani ameandika jumla 247. Pima: 87 hutoa 6, 92 hutoa 2, 78 hutoa 6, pamoja ni 14, tena 5. Lakini 247 hutoa 13, tena 4. Hazipatani! Mwambie karani kwa adabu ajumlishe tena, naye ataona ni 257. Kilo zako kumi zimerudi.

Lakini angalia: kipimo hiki hakioni tarakimu zilizobadilishana mahali. Kama angeandika 275 badala ya 257, zote mbili hutoa 5. Kwa hiyo zikikosa kupatana, kosa lipo hakika. Zikipatana, bado jumlisha mwenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Zoezi la nyumbani: katika sensa hiyo Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347, na Zanzibar 1,889,773. Pima kwa tisa, kisha ujumlishe. Je, wapata namba yetu ya leo? Mwonyeshe mwalimu wako daftari. Kwaheri, mpaka somo lijalo.