Mgeni anapofika maktabani: swali la kwanza mlangoni

Tukipita mitaani kwa kazi yetu huwa tunaulizwa swali hili: maktaba na chuo vinahusu nini amani, wakati watu wanatafuta unga na turubai? Swali ni la haki.

Jibu letu ni hili. Maktaba ya watu wote ni mojawapo ya mahali pachache ambapo mtu anaweza kukaa saa nzima bila kununua kitu, bila kuwa wa kanisa fulani wala wa kabila fulani. Soko lina bei yake, na kanisa lina waumini wake. Tangu kambi nyingi zilizouzunguka mji wa Goma zilipovunjwa Februari 2025, jamaa nyingi zimetawanyika: wengine walirudi vijijini, wengine wanaishi katika nyumba za watu. Watu wa aina hiyo hawaonekani kama walivyoonekana kambini. Mahali pa kukutana na wenyeji bila kuombana kitu pamekuwa pachache sana.

Lakini kujenga chumba na kupanga vitabu hakutoshi. Tazama yanayompata mgeni. Mama anafika na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Mlangoni pana meza na daftari. Anaulizwa jina, kisha: unatoka kijiji gani, grupma gani, kadi ya uchaguzi iko wapi? Kwetu huku jina la kijiji linatosha kusema kabila. Anayeuliza pengine hana nia mbaya, anajaza tu safu za daftari kwa sababu wafadhili wanapenda hesabu. Lakini mama aliyekimbia kwa sababu ya swali hilohilo haoni daftari. Anaona kizuizi cha barabarani. Anasema atarudi kesho, na harudi.

Dawa yake haigharimu franka hata moja. Swali la kwanza liwe: unatafuta nini? Daftari liandike umri, kama ni mwanamke au mwanamume, na alichokuja kufanya. Hayo yanatosha kwa ripoti yoyote ya kweli. Kusoma ndani ya chumba kusidai kadi. Mtu akitaka kwenda na kitabu nyumbani, hapo ndipo mdhamini anahitajika, na shefu wa mtaa au mwenye nyumba anayempokea anaweza kusimama badala ya kadi iliyoungua. Viongozi wajue pia kwamba Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Wakimbizi wa Ndani, za mwaka 1998, katika kanuni ya 20, zinataka wakubwa wa serikali wawape waliohama hati mpya bila masharti magumu, kama vile kuwalazimisha warudi kwao kuzitafuta.

Je, maktaba inawezekana kwa watu wasio na makao ya kudumu? Jirani zetu walikwisha kujaribu. Mwaka 2014, shirika la Kifaransa liitwalo Bibliothèques Sans Frontières, pamoja na HCR, lilipeleka Burundi maktaba ya kuhamishika, Ideas Box, katika kambi za Wakongomani kama Kavumu na Musasa. Ni masanduku ya rangi yanayobebwa juu ya mapaleti mawili. Yakifunguliwa, kwa muda wa dakika 20 hivi yanakuwa meza, viti, vitabu, kompyuta na skrini ya sinema, na eneo linafika mita za mraba 100. Mitambo ni mizuri, ndiyo, lakini sisi tunaona somo kubwa ni lingine: vitabu vilipelekwa kwa watu ambao bado walikuwa wanasubiri kurudi kwao, bila kungoja vita viishe.

Sasa tuje kwenye chuo. Neno “chuo cha jamii” wengi mmelisikia kwa ndugu waliopelekwa Marekani kabla ya mpango wa kupokea wakimbizi kusimamishwa huko Januari 2025. Vyuo hivyo ni vya zamani. Kile cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Kwa kawaida mtu mzima anapokelewa hata kama hakufanya vizuri shuleni zamani, anajifunza lugha na kazi ya mikono, na anaweza kuendelea hadi chuo kikuu.

Kwetu hatuna kitu kimoja chenye jina hilo, ila tuna vipande vyake. Kwa mtoto wa miaka 9 hadi 14 aliyekosa shule kuna vituo vya kufidia masomo, ambavyo wengi tunaviita CRS. Miaka sita ya shule ya msingi inafundishwa kwa miaka mitatu, kisha mtoto anafanya mtihani uleule wa mwisho wa shule ya msingi kama wenzake. Kwa mkubwa zaidi kuna masomo ya kujua kusoma na kuandika, na vituo vya kujifunza kazi: ushonaji, useremala, uashi. Vituo hivi viko chini ya wizara ya mambo ya jamii. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019 katika shule za msingi za serikali inavihusu moja kwa moja. Aulize gharama kabla ya kumwandikisha mtoto.

Kuna jambo moja linalotusumbua zaidi. Kituo kikifunguliwa kwa waliohama peke yao, mtoto wa mwenyeji anasimama dirishani akitazama. Baba yake naye, aliyegawa chumba chake na shamba lake kwa wageni, anaanza kuuliza kwa nini wao ndio wanaosomeshwa. Tumeona chuki ikianzia hapo, katika nyumba zilizokuwa zinakula sufuria moja. Kanuni ya 23 inasema wazi kwamba waliohama wapate masomo na mafunzo, hasa wanawake na vijana, wawe kambini au nje ya kambi. Haisemi wenyeji wafukuzwe. Shefu anapoombwa kiwanja cha kujengea kituo, huo ndio wakati wa kudai viti vigawanywe kwa wote wawili. Kituo kikiisha kufunguliwa, kubadili orodha huleta ugomvi.

Masomo yanaanza Septemba. Mzazi ambaye karatasi za shule za mtoto zilibaki njiani aende kituoni mapema, aende na mtoto mwenyewe, na amwombe mwalimu ampime kwa kumsomesha ukurasa mmoja na kumpa hesabu chache, ili awekwe katika kiwango kinachomfaa.