Mjane ambaye hakuulizwa neno

Injili ya Jumapili ya 32 ya Mwaka C, ile ya Luka 20:27-38, ina mwanamke ambaye hatumjui hata jina. Masadukayo wanamleta kwa Yesu kama kitendawili. Aliolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, wote wakafa bila mtoto, mwisho naye akafa. Je, siku ya ufufuko atakuwa mke wa nani? Kwa miaka mingi nilihubiri juu ya ufufuko na huyo mama nikamruka, kama walivyomruka Masadukayo wenyewe. Kisha siku moja, nikiwa Pemba, mjane mmoja alinisubiri mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili.

"Baba," aliniuliza, "hao ndugu saba wote walimrithi. Kuna hata mmoja aliyemuuliza kama anataka?"

Nilimwambia tutaongea siku nyingine. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na nilijua kwa nini ananiuliza. Amenipa ruhusa kusimulia habari zake, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.

Wasomaji wa Bara pengine hawajui Parokia za Pemba zilivyo. Wakristo ni wachache, na wengi wao ni watu waliokuja: polisi, wanajeshi, wafanyabiashara wadogo, vibarua wa msimu wa karafuu. Askari wawili wakihamishwa, kwaya inabaki bila besi. Mama huyu ni Mngoni wa upande wa Songea. Mumewe, mtu wa Kanda ya Ziwa, alikuwa akinunua viazi na vitunguu Tanga na kuvivusha kwa mashua hadi Wete. Mkondo wa Pemba una kina kirefu na maji yake yana nguvu, na wakati wa kusi wenyeji wenyewe huuogopa. Usiku mmoja mashua ilijaa maji. Watatu waliokolewa asubuhi na wavuvi wakiwa wameshikilia madumu. Yeye hakuonekana, wala mwili wake haukupatikana.

Pemba inawajua wajane wa namna hiyo. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi. Waliookolewa walizidi 600 na miili zaidi ya 200 ilipatikana, lakini wengine wengi bahari haikuwarudisha. Taifa liliomboleza siku 3. Ziko nyumba huko ambako maombolezo hayana kaburi la kwenda kupalilia, na nimejifunza kwamba kilio kisicho na kaburi huchelewa sana kuisha. Mama yetu kwa miaka minne alikataa nimsomee mumewe Misa ya marehemu. Alisema, "Baba, nikitoa nia hiyo, ni mimi nitakuwa nimemuua."

Mwaka wa kwanza ukoo wa mume ulituma wazee. Walitaka arudi kwao na watoto wawili, akakae na mdogo wa marehemu. Hawakuwa watu wabaya. Kwa desturi waliyoijua, hiyo ilikuwa njia ya kutomtupa. Alikataa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, iko wazi katika kifungu cha 68: mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapopenda, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe, hata kama mila inasema vingine. Nilimsomea kifungu hicho, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi. Akaikunja akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Sasa nije kwenye jambo lililomleta mlangoni.

Alipofiwa, majirani walimlisha kwa wiki nyingi. Hilo Wapemba hawafundishwi na mtu. Mmoja wao alikuwa seremala, mjane pia, maana mkewe alifariki akijifungua. Kila Ijumaa jioni alileta mihogo au ndizi, akapiga hodi, akaweka kapu barazani, akaondoka kabla hajajibiwa. Hakuingia ndani hata mara moja. Ilipita zaidi ya miaka miwili hivyo, hadi siku moja mama akamwambia, "Kaka, keti basi unywe chai." Akaketi. Mengine mnaweza kuyakisia.

Mwanamume huyo ni Mwislamu, mtoto wa Wete, hajawahi kuishi kwingine. Jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwao iliposikia, ilihamisha sala kutoka nyumbani kwa mama bila kumwambia. Alitandika mkeka, akawasha mshumaa, akangoja peke yake na watoto. Mimi nami sikufanya vizuri zaidi. Miezi mitatu nilimkwepa, nikijifanya nina kazi Chake Chake. Nilikuwa na hofu ya maneno ya waumini, na hofu ya kuonekana mlegevu.

Kilichonirudisha kwake ni kitabu cha Ruthu. Nilikuwa nikikisoma kwa ajili ya semina ya wajane, na kwa mara ya kwanza nikaona mambo ambayo niliyapita tangu seminari. Ruthu ni Mmoabu, na Kumbukumbu la Torati sura ya 23 ina maneno makali dhidi ya Wamoabu kuingia katika kusanyiko la Bwana. Anayemtafutia mume mpya ni Naomi, mama wa marehemu. Ndiye anayemwambia aoge, ajipake mafuta, avae nguo nyingine. Fikirini mama mkwe wa siku hizi akifanya hivyo! Na Boazi, kwa nini hakumwona Ruthu kama mgeni tu? Mathayo 1:5 inatudokezea: mama yake Boazi ni Rahabu. Kama ni yule wa Yeriko, basi Boazi alilelewa na mwanamke wa kuja, aliyejua maana ya kutazamwa kwa jicho la pembeni. Hata hivyo Boazi hakumchukua Ruthu kwa siri. Alikwenda langoni, akaita wazee kumi, akamaliza haki za ndugu wa karibu kwanza.

Nikasema moyoni, basi nasi twende langoni.

Kulikuwa na vizuizi viwili. Wengi walikiona kile cha dini tu, lakini cha kwanza kilikuwa kingine: Kanisa lilikuwa halijui kama ndoa ya kwanza imekwisha. Kanuni ya 1707 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba kifo cha mwenzi kisipothibitishwa kwa hati, anayebaki hahesabiwi huru hadi Askofu atamke kwamba mwenzake anadhaniwa amekufa. Askofu hawezi kutamka hivyo kwa sababu tu mtu hajaonekana, hata kama miaka ni mingi. Lazima uchunguzi ufanyike, mashahidi wasikilizwe, hadi afikie uhakika wa kimaadili. Watu huiona kanuni hiyo ngumu. Mimi nadhani inamheshimu marehemu, kwa kuwa inakataa mtu afutwe kimyakimya.

Tukamtafuta nahodha wa mashua ile. Alikuwa bado yu hai, lakini tangu ajali hakuwahi kupita mtaa wa mjane. Alikuja parokiani na kanzu safi, akaketi kwenye benchi la kanisa, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kusema kweli. Alisimulia kwamba walishikana mikono juu ya dumu moja karibu usiku kucha. Kabla ya alfajiri mkono wa mwenzake ulianza kulegea. Alimwita jina, hakujibu. Wimbi likaja.

"Sikumwachia mimi, Padri," alisema. "Alilegea yeye. Miaka minne naogopa mkewe asije akadhani nilimwachia."

Niliandika maneno hayo na mkono wangu ukitetemeka. Baadaye nahodha mwenyewe aliomba ayaseme mbele ya mama. Yule mama alimsikiliza, akalia sana, kisha akamshukuru kwa kumshika mumewe usiku kucha. Jumapili iliyofuata alileta nia ya Misa ya marehemu. Tamko la Askofu lilichukua zaidi ya mwaka, na hakuna aliyenung'unika, hata seremala.

Hapa niwakumbushe mjane mwingine, ambaye dunia nzima inamjua na ambaye nchi yetu inamhusu. Graça Simbine, binti wa mchungaji Mmethodisti wa Msumbiji aliyefariki wiki chache kabla binti huyo hajazaliwa, alikuja Tanzania mwaka 1973 kujiunga na FRELIMO. Mwaka 1975 aliolewa na Samora Machel, naye Samora alikuwa mjane: mkewe Josina alifia Dar es Salaam Aprili 7, 1971. Oktoba 19, 1986, ndege ya Samora ilianguka Mbuzini, Afrika Kusini. Mandela alimtumia Graça rambirambi akiwa bado mfungwa. Julai 18, 1998, siku Mandela alipotimiza miaka 80, walifunga ndoa. Si kila mtu kwao alipendezwa na mjane wa Rais wao kwenda kwa mtu wa taifa na lugha nyingine, na upande wa pili Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuwa amewabana waziwazi kwamba wasiishi pamoja bila ndoa. Graça aliendelea kuitwa Machel. Mume wa pili hakudai jina la wa kwanza lifutwe. Nilimsimulia mama yetu hayo, akasema, "Kumbe inawezekana."

Kizuizi cha pili ndicho mnachokingojea. Mkatoliki na asiyebatizwa hawawezi kufunga ndoa halali machoni pa Kanisa bila ruhusa ya pekee ya Askofu. Mkatoliki anaahidi kuilinda imani yake na kufanya yote awezayo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, mwenzake anaarifiwa ahadi hiyo, na wote wawili wanafundishwa kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, hadi kifo. Nilimuuliza seremala bila kuzunguka kama atakuja kuongeza mke. Akacheka. "Padri, huyu mmoja tu nimemngoja miaka mingapi?" Kisha akawa mzito, akaahidi mbele ya mashahidi. Jamaa zake walitaka mama abadili dini. Alikataa, na seremala akawaambia wazee wake kwamba hakwenda kumbadilisha, alikwenda kuposa.

Sisemi kwamba ndoa hizi ni nyepesi. Nimeona zilizovunjika juu ya jina la mtoto mchanga, juu ya mfungo, juu ya wapi mtu azikwe. Kijana wa miaka 23 akinijia na ombi kama hilo, nitamrudisha nyumbani akafikiri tena, na tena. Hawa wawili walikuwa watu wazima waliokwisha kuzika, au kukosa wa kumzika.

Kanisa halitaki ndoa moja ifungwe mara mbili, kanisani na kwingine. Askofu, baada ya kupima, aliwaondolea pia sharti la kufungia ndoa mbele ya padri, kwa hiyo nikaha ilifungwa nyumbani kwa wazee wa mume. Najua wapo watakaoandika barua kwa mhariri kuhusu jambo hili. Waandike, ila wasome kwanza kanuni ya 1127 na ya 1129.

Kaka yake mama alisafiri kutoka Songea kuja kuwa walii wake. Mzee huyo alikuja akijiandaa kupokea mahari ya ukoo, kama ilivyo kwetu Bara. Akaelezwa kwamba mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, na dada yake amekwisha kuitaja: cherehani ya miguu. "Sasa sisi tunapata nini?" akauliza mbele ya watu wote. Wazee wa Wete wakacheka hadi mmoja akafuta machozi, wakampa kilemba cha baba, wakamtengea na mkaja wa mama apeleke nyumbani. Nami niliketi juu ya jamvi kama mgeni, nikala biriani. Watu watatu wa jumuiya ile walikuja. Wa nne alituma sukari.

Kila mwaka, siku mashua ilipozama, mama huleta nia ya Misa kwa ajili ya mume wa kwanza, na watoto husoma masomo. Seremala huwaleta kwa pikipiki kwa awamu mbili, kisha hungoja nje chini ya mwembe hadi Misa iishe. Mwaka wangu wa mwisho kule, mvua kubwa ilishuka wakati wa mahubiri. Nilipogeuka kutoa baraka ya mwisho nilimwona amesimama ndani, nyuma kabisa karibu na mlango, kofia kichwani na viatu mkononi, kama aingiavyo msikitini. Hakuna aliyemwambia avivae.