Keki ya Mapera kwa Mama Muuza Maandazi

Mama yangu anauza maandazi Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Maandazi hayo ndiyo yaliyoninunulia madaftari tangu shule ya msingi, na hata leo boom likichelewa ndiyo yanayoniokoa. Mwaka jana aliambiwa ana kisukari, aina ya pili. Bado anaamka saa kumi alfajiri, anakanda, anakaanga ndoo nzima, na yeye mwenyewe hali hata moja.

Niliporudi likizo mwezi wa tatu, mvua inanyesha na baridi ya kwetu mnaijua, nikaona kitu kilichoniuma zaidi. Jioni sisi tukikaa kunywa chai, Mama anabaki jikoni. Ukimwita anajibu, "Kunyweni tu wanangu, mimi nimeshiba." Hajashiba. Anakwepa kukaa mbele ya sahani asiyoruhusiwa kuigusa.

Nikasema nitampikia kitu kitamu anachoweza kula na sisi. Naandika nilivyofanya, pamoja na nilivyokosea, kwa sababu najua wengi wetu hapa chuoni tuna mzazi, shangazi au babu mwenye hali hiyo hiyo.

Kosa la kwanza lilikuwa aibu kwa mtu anayesomea kufundisha Baiolojia. Nilipika keki ya unga wa dona, ndizi mbivu na asali. Nilijiambia ni vitu vya asili, sukari ya dukani haimo, basi salama. Mama akala kwa furaha. Baada ya saa mbili kipimo chake kikasoma 14. Aliniangalia, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, hebu rudi darasani."

Nikarudi kweli, kwenye mada ya lishe ya kidato cha pili. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi. Ukishameng'enywa, mnyororo unakatika na glukosi inaingia kwenye damu, hata kama chakula chenyewe hakikuwa kitamu mdomoni. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa chai bila sukari, kisha akala mlima wa ugali, na sukari ikapanda vilevile. Ulimi si kipimo.

Sasa angalia hesabu. Katika gramu 100 za unga wa ngano, kama gramu 75 ni wanga, na unga wa mahindi hauko mbali na hapo. Asali ni zaidi ya gramu 80, karibu yote sukari. Karanga zina kama 16, na nusu yake ni nyuzinyuzi ambazo mwili haugeuzi kuwa glukosi. Pera lina kama 14, na 5 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Kwa hiyo nilihitaji kuondoa unga na asali, na kuweka karanga na mapera, vitu ambavyo sokoni kwetu havimtishi mtu bei.

Mahitaji ni haya: mapera sita yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, karanga vikombe viwili, mayai matatu, mtindi vijiko vitatu vya chakula, siagi iliyoyeyushwa vijiko vitatu, bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, mdalasini, chumvi kidogo na nusu limau.

Chambua karanga kwanza. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, maana ukungu huleta sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo hapa usibane matumizi. Zilizobaki zikaange kidogo, toa maganda, acha zipoe kabisa, kisha twanga kidogo kidogo na uchekeche. Ukitwanga kwa pupa mafuta yanatoka na unabaki na siagi ya karanga. Nilipoteza kikombe kizima hivyo.

Mapera kata vipande, toa mbegu, kamulia limau, nyunyiza mdalasini, yapange chini ya sufuria ndogo uliyoipaka siagi. Piga mayai mpaka yatoe povu, ongeza mtindi na siagi, kisha unga wa karanga uliochanganywa na bekingi pauda na chumvi. Mimina juu ya mapera. Weka sufuria hiyo ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu uliokwisha kupata moto, funika, weka mkaa kidogo chini na mwingi zaidi juu ya mfuniko. Dakika 40 hivi, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva.

Usiikate ikiwa ya moto. Karanga hazina gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutane. Kinachoshika keki hii ni mayai, nayo yanakaza vizuri ikipoa. Ya kwanza niliikata haraka, tukaila kwa kijiko kama uji mzito.

Ukigawa vipande vinane, kila kimoja kina wanga kama gramu 8, ukiacha nyuzinyuzi. Keki ya kawaida ya ukubwa huo, yenye ngano na sukari, inaweza kufika 50. Ila tusidanganyane: wanga kidogo si sawa na mafuta kidogo. Karanga zina nguvu nyingi, kipande kimoja kinatosha. Na kama mgonjwa anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asikate wanga ghafla bila kuongea na kliniki yake, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na hiyo nayo ni hatari.

Mama alipima kabla ya kula, ikasoma 7.2. Baada ya saa mbili, 8.4. Kipimo cha mtu mmoja siku moja si utafiti, hilo nalijua, na yeye anaendelea na dawa na kliniki kama kawaida. Lakini jioni ile alikaa sebuleni na sisi, sahani mapajani, akiikosoa keki kama fundi: mdalasini umezidi, chini imeungua kidogo, mayai ungepiga zaidi.

Kisha akauliza karanga kilo ni shilingi ngapi siku hizi. Anasema madereva wa malori nao wana sukari, ila hakuna anayewapikia.