Mwanafunzi na Fundi Wake

Wazazi wengi wanafikiri kwamba diploma yenyewe huleta kazi. Sivyo. Diploma hushuhudia tu kwamba kijana amejifunza. Mwenye garaji hamuulizi alipata pointi ngapi katika mtihani wa Serikali. Humpa ufunguo na kumwonyesha motokari iliyokufa.

Ndiyo sababu mashule ya ufundi hutuma wanafunzi kufanya staji. Shauri hilo ni jema. Lakini mara nyingi kijana hufika kwa fundi na barua fupi, isiyosema atafundishwa nini. Basi hufagia, huchota maji, hutumwa sokoni. Mwisho karatasi yake hupigwa muhuri, naye hurudi vile alivyokwenda. Fundi hakuahidi kitu, na shule haikudai kitu.

Mtakatifu Yoane Bosco aliliona jambo hilo zamani. Huko Turin, mwaka 1852, alisimamia mapatano ya maandiko kati ya seremala mmoja na kijana mwanafunzi wake, kwa miaka 2. Fundi alijifunga:

1. kumfundisha kijana ufundi wake, asimtumie kwa kazi nyingine;
2. kumwonya kwa maneno tu, asimpige;
3. kumwachia siku kuu zote, na mapumziko ya siku 15 kila mwaka;
4. kumlipa mshahara wenye kuongezeka kadiri anavyoendelea.

Kijana naye aliahidi utii, bidii na heshima.

Wana wa Don Bosco walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, nao wakafundisha ufundi katika inchi yetu. Lakini mapatano ya namna hiyo hayahitaji shule kubwa wala feza nyingi. Karatasi moja yatosha. Iandikwe kazi gani kijana atajifunza. Mwalimu gani atakwenda kumtazama, na siku gani. Na mwishoni atatengeneza kitu gani kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya fundi na mwalimu: mlango, shati, ao breki za motokari. Wote watie sahihi, mzazi pia.

Tangu mapatano ya mwaka 1977 na Serikali, Kanisa husimamia lenyewe mashule yake mengi. Basi padri mwenye shule asingoje amri kutoka Kinshasa. Katekista naye anajua mafundi wa mtaa wake: nani ni mwaminifu, nani ni mlevi. Amsaidie mkubwa wa shule kuchagua. Mtoto aliyekabiziwa kwa fundi mwema, kwa maneno yaliyoandikwa, atarudi na kitu mikononi.